Musambi wa Nyuma ya Ukuta

Yote yatakayosemwa hapa ni kweli tupu, neno kwa neno, na asiyeamini ashuke Kibenga aulize kwa Lisette, ataonyeshwa hata misumari ukutani. Mzee Melchior mwenyewe ameapa. Ameapa kwa kichwa cha mama yake, ambaye ni marehemu na hawezi tena kudhurika. Ameapa kwa macho yake mawili, na hapo mkewe Adélaïde akamkumbusha kwamba la kushoto lina mtoto wa jicho, basi akaapa kwa la kulia peke yake.

Kwa miaka thelathini na miwili kazi ya Melchior ilikuwa kusoma maji. Kila asubuhi alishuka bandarini Bujumbura, akautazama ule mti wa vipimo uliosimikwa ziwani, akaandika kina cha Tanganyika kwenye daftari la serikali, sentimita kwa sentimita. Ziwa likipanda aliandika limepanda, likishuka aliandika limeshuka, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kumwuliza ziwa lilikuwa na sura gani siku hiyo. Alipostaafu, chumvi yote ambayo hakuruhusiwa kuitia kwenye daftari akaanza kuitia kwenye mazungumzo. Watu wa mtaa walimpenda kwa hilo. Walijua kwamba ukitaka habari sahihi uende kwingine, na ukitaka kusahau umeme umekatika, uende kwa Melchior.

Kamera aliipata kwa Danielle, binti yao anayeishi Ubelgiji, naye aliinunua ikiwa imekwisha kupita mikononi mwa watu wawili. Pete ya kuvuta picha karibu ilikuwa imelegea, Melchior akaikaza kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Ndani mlikuwa na punje ya vumbi isiyotoka, nayo iliacha doa jeusi kwenye kona ya juu ya kila picha. Mtu akiuliza, Melchior alimweleza kuwa ni tai anayemfuata popote aendapo, wamezoeana. Hakufundishwa na yeyote. Alijifunza kwa kuharibu: mwaka mzima wa viboko wasio na vichwa, na ndege waliokwisha kuruka wakamwachia picha za matawi yanayotikisika. Mwaka wa pili vichwa vikaanza kuingia.

Aliyemwingizia vichwa hivyo, kusema haki, ni Byamungu. Huyu alikuwa mtu wa Uvira aliyehamia Gatumba zamani, mwenye mtumbwi mrefu wa mbao ambao siku za kazi ulivusha wakulima na mizigo yao ya matete, na kila Jumamosi alfajiri ulimbeba Melchior hadi pale Rusizi inapoingia ziwani. Byamungu hakuwa mtu wa maneno mengi. Aligonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, ko, ko, ko, ili viboko wajue kuna watu wanapita, kisha akasikiliza. Akisema "kulia", Melchior aligeuza kamera kulia, na ndege mwari alikuwa pale, domo limejaa maji. Akisema "ngoja", walingoja, na baada ya muda kiboko alitoa masikio na kuyapepeta kama mtu aliyetoka kuoga. Mtumbwini Melchior hakusimulia chochote. Palikuwa mahali pekee duniani ambapo alinyamaza, na Adélaïde aliwahi kusema angemlipa Byamungu amchukue na siku za Jumatano.

Kitu kimoja tu kilikosekana. Katika miaka hiyo miwili hawakumwona musambi hata mara moja, yule korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu ambaye kila Mrundi anamjua, hata ambaye hajawahi kumwona porini. Kila Jumamosi Melchior aliuliza, na kila Jumamosi Byamungu alijibu, "Apana, Mzee. Leo hayuko."

Basi Lisette, mwenye kabare, baa ndogo ya mtaani Kibenga, akakubali Melchior atundike picha zake kwa wiki mbili. Picha ishirini. Alizisafisha kwenye studio moja mjini, akavuta kamba tatu ukutani, akachukua vibanio vya nguo vya mkewe.

"Na mimi nguo nianike kwa nini?" Adélaïde aliuliza. "Kwa meno?"

"Mama Danielle, ni wiki mbili tu. Vibanio vyako vitaonekana na watu wakubwa."

"Suruali zako ndizo zitaonekana na watu wakubwa, zikipeperuka barabarani."

Alipozipanga akakuta kumi na tisa. Alikuwa amejihesabia musambi bila kumpata, na pengo lilikuwa katikati kabisa ya kamba ya katikati, mahali ambapo mtu akiingia mlangoni ndipo jicho linapokwenda. Pengo hilo lilimkosesha raha siku tatu. Siku ya nne akakumbuka kwamba hatua mia mbili kutoka kwa Lisette, nyuma ya ukuta wa bwana mmoja mwenye nyumba ya ghorofa, kuna misambi wawili wanaotembea bustanini kama wapangaji. Wenye nyumba kubwa hupenda kuwafuga. Huwakata manyoya ya bawa wasiruke, na ndege huzoea kula mahindi kwenye bakuli.

Mlinzi wa pale, Chabani, alimfungulia. Melchior akalala kifudifudi kwenye nyasi, karibu na kijidimbwi kilichopandwa mafunjo, akageuza kamera mpaka ukuta ukatoka kabisa kwenye picha. Chabani alisimama pembeni akitikisa bakuli la mahindi. Musambi akainua shingo. Jua lilikuwa limetoka tu, likapita ndani ya taji lake, na kila unywele ukawaka peke yake.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Hilo ndilo lililomponza. Ingekuwa mbaya, angeiandika "Bustanini Kibenga" bila kusita. Lakini alipoitazama ikining'inia katikati ya kamba, kati ya mwari na kiboko, aliona kabisa kwamba picha yenyewe inataka kuwa ya mtoni. Akachukua kalamu, akaandika kwenye kikaratasi: *Umusambi. Mabwawa ya Rusizi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.* Akakisoma. Kikaonekana kitupu kidogo, kimekosa shahidi. Akaongeza: *Mwenye mtumbwi: Byamungu.* Na moyoni akajiambia kwamba hiyo ni zawadi kwa rafiki.

Jumapili baada ya misa kabare ilijaa. Watu walizunguka na chupa mikononi, wakasimama mbele ya musambi, na Melchior akasimama kando yake kama baba wa bibi harusi. Alieleza jinsi alivyokaa majini siku tatu, maji yakimfika shingoni. Jinsi kiboko dume alivyokuja kwa nyuma akampumulia sikioni, pumzi yenye harufu ya majani ya jana. Jinsi mbu walivyomnyonya hata wakashindwa kuruka, akawa anawaokota na kuwaweka kando. Watu walicheka hadi wakashika meza. Walijua anatia chumvi. Ndiyo maana walikuja. Lakini hakuna aliyeshuku kikaratasi, kwa sababu kikaratasi kilikuwa kifupi, na uongo wa Melchior haukuwahi kuwa mfupi.

Mtu mmoja hakucheka. Consolate alikuwa mwalimu mstaafu wa biolojia, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiandika kwenye daftari kila ndege aliyemwona kuanzia Ruziba mpaka Gatumba. Alisogeza uso karibu na picha, akakaa hapo muda mrefu.

"Mzee Melchior, ulimwona huko kweli?"

"Kwa macho haya."

"Mimi natembea huko tangu nina meno yote, sijabahatika." Akakisoma kikaratasi tena. "Na huyu Byamungu ndiye aliyekupeleka?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Ulikuwa mlango wazi kabisa, angepita hata na kitambi chake. Lakini watu kumi walikuwa wanamtazama.

"Ndiye," alisema. "Hakuna mwingine anayeyajua maji yale."

"Vizuri," alisema Consolate. "Nitamtafuta."

*

Jumanne mchana Byamungu alifika nyumbani kwa Melchior kwa baiskeli. Adélaïde alimwekea kiti na kumpelekea chai.

"Aksanti, Mama Danielle. Chai nitakunywa nikimaliza neno." Akamgeukia Melchior. "Mzee, jana watu wamenifuata Gatumba. Mama mumoja na vijana wawili. Wanataka niwapeleke Alhamisi kuona musambi."

"Unaona? Nimekutafutia wateja!"

"Nimewaambia mi sijaona musambi. Ule mama ananitazama tu. Anasema, Papa, jina lako iko chini ya photo."

"Ipo, ndiyo. Nimekupa heshima, Papa Trésor," alisema Melchior, akimwita kwa jina la mwanawe. "Jina lako linasomwa Kibenga."

"Ile photo umepiga wapi?"

Melchior akaanza kufuta lenzi ya kamera kwa pindo la shati. Ilikuwa safi tayari.

"Papa Danielle," Adélaïde alisema kutoka mlangoni, "mutu amekuuliza."

"Kibenga," alisema Melchior kwa sauti ndogo. "Uani kwa mtu."

"Musambi wa kufugwa?"

"Wa kufugwa, lakini ni musambi. Mungu hakumwumba tofauti na wengine."

Byamungu aliweka mikono juu ya magoti. "Alhamisi niwaambie nini?"

"Wazungushe kidogo. Waonyeshe mwari, waonyeshe viboko. Halafu sema musambi alivuka jana kwenda upande wa Congo. Ndege haulizwi pasipoti, utamfuata wapi?"

Alitegemea kicheko. Hata Adélaïde hakucheka.

"Mzee, sikiliza," alisema Byamungu. "Mi niko na mtumbwi moja na mudomo moja. Nikisema mutu akae chini, anakaa. Nikisema asitie mukono ku maji, hatii. We unafikiri ni kwa sababu mi ni mukubwa? Mi nimekuja hapa na magunia mbili. Nyumba yangu maji imeichukua mara mbili, kila mutu Gatumba alinionaka nabeba vitanda ku kichwa. Apana, Mzee. Wananisikia kwa sababu sijawadanganya siku hata moja, hata kwa muchezo. Sasa wakijua nadanganya juu ya ndege, wataniamini juu ya kiboko?"

Melchior akasema la kwanza lililomjia. "Alhamisi nitakuja mwenyewe. Nitapanga maneno."

"Usipange," alisema Byamungu akiinuka. "Useme tu."

Akapanda baiskeli akaondoka. Chai ilibaki mezani, juu imeshafanya utando. Adélaïde akaichukua na kwenda kuimwaga kwenye mti wa ndimu.

Jioni alishuka kwa Lisette akiwa ameamua kukitoa kile kikaratasi. Alimkuta mama mmoja amesimama mbele ya musambi na mkoba begani, ametulia kama mtu aliye kanisani. "Ni wewe umepiga?" aliuliza. "Basi bado wako. Mi nilifikiri wameisha kabisa." Macho yake yalikuwa yameng'aa. Melchior akajibu, "Bado wako," akarudi nyumbani na mikono mitupu. Njiani alijitetea. Ndege alikuwa wa kweli, jua lilikuwa la kweli, mafunjo yalikuwa ya kweli. Katika picha nzima hakuna kilichokuwa cha uongo ila maneno machache pembeni. Lakini yule mama alikwenda zake akidhani kitu kipo huko nje, na kitu hicho kilikuwa kinakula mahindi kwa Chabani.

*

Alhamisi walikuwa watano mtumbwini: Byamungu nyuma na mti wake mrefu wa kusukumia, Melchior mbele, katikati Consolate, na Loïc, karani wa benki mwenye simu ya bei kubwa, pamoja na mchumba wake Chanelle. Melchior alikuwa amelala vibaya. Maneno aliyapanga, akayapangua, akayapanga, na mpaka wanasukuma kutoka ukingoni alikuwa bado anatafuta namna ya kusema ukweli ambayo isingemfanya aonekane mwongo. Haipo namna hiyo. Aliitafuta sana.

"Kabla hatujaenda," alisema Byamungu, "mi nawaambia tena. Musambi mi sijamuona huku. Tukimuona leo, ni Mungu. Tusipomuona, mi sikuahidi."

Loïc akageuka kumtazama Melchior. "Mzee, mbona kwenye exposition ya picha umesema iko?"

"Tutaona, tutaona," alisema Melchior, akainua kamera kufunika uso.

Walizunguka saa mbili. Waliwaona mwari kumi na saba, Consolate akawaandika. Walimwona mdiria mweusi na mweupe akijitupa majini kama jiwe. Musambi hawakumwona, na kadiri jua lilivyopanda, kicheko cha Loïc kilizidi kuwa kikavu. "Mmoja anasema iko, mwingine anasema hayuko," alimwambia Chanelle, sauti ikisikika vizuri. "Hapa kuna mutu anatuchezea."

Waliingia mkondo mwembamba kati ya matete. Byamungu akagonga ubavu wa mtumbwi, akasikiliza, kisha mti ukasimama mikononi mwake.

"Wote chini. Musitikisike. Iko kiboko mbele."

Mbele palikuwa na maji tu, rangi ya chai ya maziwa, na mapovu machache. Melchior alikaa chini kabisa, magoti kifuani. Consolate alikaa. Chanelle alikaa. Loïc akasimama na simu yake.

"Kiboko gani?" alisema. "Kama kile musambi?"

"Kijana, kaa."

"Papa, tulikuja kuona musambi, hayuko. Sasa kiboko na yeye hayuko. Mi naona maji tu." Akainua mguu juu ya ubao ili aone vizuri zaidi, na mtumbwi ukalala upande wake, maji yakaingia kwa ulimi mrefu, baridi, hadi miguuni mwa Melchior.

Melchior alimwona Byamungu. Hakuwa anamtazama Loïc. Alikuwa anayatazama mapovu, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Mtu aliyekuwa na neno moja tu la kuwaokoa, na neno lile halikufanya kazi.

"Kaa chini!" Melchior alipiga kelele, sauti ambayo hakujua bado anayo. "Kaa, wewe! Musambi ni wa Kibenga! Nimempiga picha Kibenga, uani kwa mtu! Mwongo ni mimi! Huyu hajadanganya hata mara moja, akisema kiboko ni kiboko!"

Loïc akakaa. Pengine kwa kusadiki, pengine kwa mshangao. Chanelle alikuwa pia amemvuta kwa mkanda wa suruali. Byamungu akaegemea mti wake kwa uzito wote, mtumbwi ukarudi nyuma mita tatu, nne, ukazama mkia ndani ya matete. Na pale walipokuwa, maji yakafunguka. Kiboko alitoka na kichwa kizima na nusu ya mgongo, akafungua mdomo, wakaona meno ya njano na ulimi mnene wa waridi. Alipuliza. Matone yakawafikia usoni. Akawatazama kama mwenye nyumba anayetazama watu waliokosea mlango, kisha akazama taratibu, na mapovu yakaondoka kuelekea upande wa pili.

Kamera ilikuwa shingoni mwa Melchior muda wote ule, na hakupiga hata picha moja.

Walifika maji ya wazi. Loïc alikuwa anakamua suruali iliyolowa hadi mapajani. Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Consolate. Alivua miwani, akaifuta matone.

"Bawa la kushoto," alisema. "Manyoya yake yamekatwa sawasawa kama pindo la suruali. Niliona tangu Jumapili."

Melchior akageuka. "Ulijua?"

"Nilijua kuhusu ndege. Jina la huyu bwana ndilo lililonisumbua. Nikasema ngoja nije nijue waongo ni wangapi." Akavaa miwani yake. "Nimekuta mmoja. Sikujua kwamba kujua huko kungetufikisha mdomoni mwa kiboko. Hilo ni kosa langu na mimi."

Byamungu aliendelea kusukuma. Walipofika ukingoni alimsaidia Chanelle kushuka, akamsaidia Consolate, akamsaidia Loïc, ambaye alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kuomba msamaha mara tatu. Melchior alishuka mwenyewe.

"Papa Trésor," alisema.

Byamungu alikuwa anachota maji yaliyoingia mtumbwini kwa kopo, anayamwaga nje. "Jumamosi usikuje, Mzee," alisema bila kuinua kichwa.

Hakuna jambo lililowahi kumwuma Melchior kama sentensi ile. Alisimama kwenye tope la Gatumba, viatu mkononi, mzee wa miaka sitini na saba, na angetoa picha zote ishirini ili isiwe imesemwa.

Consolate ndiye aliyerudi nyuma hatua chache na kusimama kati yao. Baba yake alikuwa mushingantahe, mzee wa haki kule kilimani kwao, na ingawa yeye alikuwa mwalimu tu, sauti ya baba ilimtoka alipoihitaji.

"Mwisho hauwezi kuwa hivi," alisema. "Umemkosea mtu mbele ya watu, utalipa iciru, faini ya kosa, mbele ya watu walewale. Jumapili, kwa Lisette. Unanunua kreti za kinywaji, aliyekosewa anaanza kunywa, na wewe unasimama. Papa Byamungu, ukiona hayatoshi utasema, na wote watakusikia."

Byamungu alimwaga kopo moja, la pili, la tatu.

"Mi sinywake pombe," alisema hatimaye. "Nimeokoka."

"Fanta basi."

"Na aseme ukweli. Ukweli yenyewe tu. Asiongeze kitu."

Consolate akamtazama Melchior kutoka juu mpaka miguu yenye tope. "Hilo la pili litakuwa gumu kuliko kreti," alisema. "Basi kila atakachoongeza, chupa moja juu."

*

Jumapili kreti mbili zilikuwa juu ya meza, moja ya bia kwa ajili ya mashahidi na moja ya Fanta. Kabare ilijaa kuliko mara ya kwanza, kwa sababu Lisette hakuwa mtu wa kuficha habari. Byamungu alikuja na shati jeupe la kanisani, pamoja na mkewe Mathilde, wakakaa kwenye benchi la mbele. Alikuwa hajawahi kuziona picha zikiwa zimetundikwa. Alizipitia moja moja kwa macho, mwari wake, viboko wake, matete yake, na alipofika kwa musambi akakaa hapo kama watu wote.

Chini ya musambi palikuwa na kikaratasi kipya. Melchior alisimama kando yake, akakisoma kwa sauti.

"Umusambi wa kufugwa. Bustanini Kibenga. Bawa limekatwa. Byamungu hakuwepo na hakujua." Akawageukia watu. "Niliandika jina lake bila kumwuliza. Watu wakaacha kumsikia kwa sababu yangu, na Alhamisi tulikaribia kufa kwa sababu yangu. Yeye hakudanganya. Ni mimi."

Mama mmoja nyuma akasema polepole, "Kwa hiyo huko hawako?" Melchior alimtambua, ni yule wa mkoba. "Sijui, mama," alisema. "Mimi sijawaona." Ilikuwa mara ya kwanza watu wengi pale kumsikia akisema hajui.

Byamungu akainua chupa yake ya Fanta, akanywa, akaiweka chini. Na kabare yote ikapumua.

Hapo Melchior alipaswa kukaa. Adélaïde aliiona pembe ya mdomo wake ikianza kupanda, akamwambia, "Papa Danielle, kaa." Lakini watu walikuwa wanamtazama kwa masikio yaliyo wazi namna ile, na yeye alikuwa amesema ukweli dakika nzima mfululizo.

"Ila msifikiri kuingia kule ndani ilikuwa mchezo," alisema. "Ukuta ule una mita nne, na vipande vya chupa juu yake. Halafu mbwa wakubwa watatu, kila mmoja kama ndama..."

"Chabani alikufungulia lango," alisema Consolate. "Nimekwenda kumwuliza."

"Alifungua, sikatai. Lakini mbwa..."

"Wangapi?"

Melchior akatazama dari. "Wawili."

"Wangapi, Mzee?"

"Mmoja. Alikuwa amelala."

"Mzee Melchior."

"Sauti ya mbwa," alisema. "Kutoka kwa jirani."

Kabare ililipuka. Loïc aligonga meza, Mathilde akaficha uso kwa kitambaa, na Byamungu, ambaye alikuwa amejaza mdomo, alishindwa kumeza. Mabega yalianza kumtikisika, na Fanta ikamtokea puani, akawa anakohoa na kucheka pamoja huku mkewe akimpiga mgongoni.

"Mbwa watatu, chupa tatu," alisema Consolate. "Na ukuta?"

"Ukuta una mita nne kweli!"

"Ule wa hapo juu?" alisema Lisette kutoka kaunta. "Mimi nikisimama barabarani naona mpaka kamba yao ya nguo."

"Nne, basi," alisema Consolate.

Byamungu alifuta uso kwa kiganja. Akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akaipiga kwa mkono. "Kuja ukae, Mzee. Ukiendelea kusimama utatumaliza."

"Ngoja kwanza nilipe," alisema Melchior, akaenda mwenyewe kwenye friji, akarudi na chupa nne kifuani.